Bei ya Hisa na Njeo ya Faida

Mnamo Desemba 2025, Serikali ya Kenya ilipotangaza nia ya kuiuzia kampuni ya Vodacom ya Afrika Kusini asilimia 15 ya hisa za Safaricom kwa shilingi 34 kila hisa, nchi nzima iligeuka soko. Bungeni, redioni, ndani ya matatu na hata katika vyumba vya walimu, kila mmoja alikuwa na bei yake mfukoni. Wapo waliosema kwamba 34 ni bei ya kutupa mali ya umma. Wapo walioshikilia kuwa ni bei nono, maadamu sokoni hisa hiyohiyo ilikuwa ikipatikana kwa chini ya shilingi 30. Niliyasikiliza mabishano hayo kwa siku kadhaa nikisubiri swali moja ambalo, kwa bahati mbaya, sikulisikia likiulizwa: shilingi 34 kwa faida ipi, na ya mwaka gani?

Yamkini msomaji atashangaa mwalimu wa isimu ametafuta nini katika mambo ya hisa. Sijaacha kazi yangu. Nambari ninayotaka kuizungumzia leo, ile inayochapishwa katika jedwali la hisa kwenye safu yenye herufi P na E, ni nambari yenye sarufi, na wengi wetu tunaisoma kama mtu anayesoma kitenzi kilichong'olewa viambishi vyake.

Tuanze na maana. Chukua bei ya hisa moja, uigawe kwa faida ambayo kampuni imepata kwa kila hisa katika mwaka mmoja. Jibu unalopata ndilo uwiano wa bei kwa faida. Matatu inayouzwa kwa shilingi 2,000,000 na kumwachia mwenyewe faida ya shilingi 200,000 kwa mwaka, baada ya kulipa mafuta, dereva, makanga na fundi, ina uwiano wa 10. Mnunuzi anailipia faida ya miaka 10. Matatu nyingine ikiuzwa kwa 900,000, lakini faida yake ni 45,000 tu kwa mwaka, uwiano wake ni 20. Aliyekimbilia ya pili kwa sababu bei yake ni ndogo amenunua ghali mara mbili.

Hesabu hii ni ya darasa la sita, lakini katika mwaka wa 2008 sikuijua. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya upili, na Serikali ilikuwa ikiuza hisa bilioni 10 za Safaricom, yaani robo ya kampuni, kwa shilingi 5 kila hisa. Mtu hakuruhusiwa kuomba chini ya hisa 2,000. Nakumbuka mwenzangu wa somo la Hisabati, mtu aliyekuwa akiwachapa wanafunzi kwa maneno walipokosea desimali, akiniambia kwenye chumba cha walimu, "Mwalimu, shilingi tano ni nini? Soda haipatikani kwa shilingi tano!" Nilikubaliana naye kabisa. Nikachukua mkopo wa shilingi 20,000 katika chama chetu cha akiba, nikaomba hisa 4,000. Waombaji walizidi 860,000 na maombi yalizipita hisa zilizokuwapo zaidi ya mara tano, hivyo sisi wadogo tukapewa kama asilimia 21 ya tulichoomba. Nikapata hisa 840. Riba ya mkopo niliilipa yote.

Sikuuliza shilingi 5 ilikuwa bei ya kiasi gani cha faida. Kampuni ilikuwa na hisa bilioni 40, na katika mwaka wake wa fedha uliomalizika Machi 2008 ilipata faida ya takriban shilingi bilioni 13.8 baada ya kodi. Kila hisa, basi, ilikuwa na faida ya senti 35 hivi, na uwiano ulikuwa karibu 14. Soda haikuhusika.

Ungedhani kuwa mtu akishaijua nambari hiyo ya 14 ameshajua alichonunua. Hapo ndipo sarufi inapoingia. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza akiandika "mkulima vuna mahindi," mwalimu atapiga mstari mwekundu na kuuliza: alivuna, atavuna, au huvuna? Kitendo ni kilekile, lakini mkopeshaji anayetaka kumpa mkulima huyo mbolea kwa deni atakuwa na jibu tofauti kwa kila kiambishi. Faida ya kampuni nayo ina njeo. Kuna faida ambayo kampuni ilipata, ile iliyokwisha kukaguliwa na kuchapishwa. Kuna faida ambayo inatarajiwa kwamba itapata. Na kuna faida ambayo kampuni hupata, mwaka baada ya mwaka, ukichanganya miaka ya neema na ya dhiki. Bei ni moja, lakini ukiigawa kwa kila mojawapo ya faida hizo unapata uwiano tofauti, na wachuuzi wa hisa wanajua vyema ni upi wa kumwonyesha mnunuzi na upi wa kumficha.

Gazeti aghalabu huchapisha uwiano wa "li". Ni wa kuaminika kwa kuwa umesimama juu ya hesabu zilizokaguliwa, lakini una hila yake. Mapema katika mwaka wa 2009, bei ya Safaricom ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 3. Tuiite 3 ili hesabu iwe nyepesi. Ukiigawa kwa zile senti 35 za mwaka uliotangulia, uwiano ulikuwa kati ya 8 na 9, na mtu angeweza kusema kuwa hisa imekuwa rahisi mno. Mwezi wa Mei kampuni ikatangaza faida ya mwaka mpya: takriban bilioni 10.5, yaani senti 26 kwa kila hisa. Bei ile ile ya shilingi 3, ikigawanywa kwa senti 26, inatoa uwiano wa zaidi ya 11. Bila bei kusogea hata senti moja, hisa "rahisi" imekuwa ghali kwa theluthi nzima. Kilichobadilika ni mwaka uliotumiwa kama kigawanyi.

Marekani ilitoa kioja kikubwa zaidi mwaka huohuo. Bei za hisa huko zilifikia kina chake Machi 2009, baada ya mabenki kuporomoka. Lakini faida za yale makampuni 500 ambayo kipimo cha S&P huyajumuisha zilikuwa zimeanguka kwa kasi kuliko bei, hata ule uwiano wa "li" ukavuka 100. Mtu aliyeshika kanuni kwamba uwiano mkubwa ni dalili ya hisa ghali angezikimbia hisa katika mwaka ule, nao ulikuwa mwaka mwema kuliko yote kununua katika kizazi hiki. Mfugaji wa Githunguri angemcheka. Ng'ombe wa maziwa huachwa kukamuliwa wiki kadhaa kabla ya kuzaa, na ukiigawa bei yake kwa lita alizotoa jana utapata kwamba hana thamani inayohesabika. Hakuna mfugaji anayemtupa ng'ombe kwa hesabu hiyo. Anamjua ng'ombe wake kwa mizao, na jana ni siku moja tu katika mizao hiyo.

Ndiyo maana Benjamin Graham na David Dodd, katika kitabu chao maarufu cha 1934 kuhusu uchambuzi wa hisa, walishauri faida ichukuliwe kwa wastani wa miaka isiyopungua 5, na ikiwezekana 7 au 10. Walikuwa wameyaona kwa macho yao maanguko ya 1929. Baadaye, katika mwaka wa 1988, John Campbell na Robert Shiller waliligeuza wazo hilo kuwa kipimo rasmi: bei ya leo igawanywe kwa wastani wa faida ya miaka 10, baada ya kuondoa athari ya mfumko wa bei. Huo ndio uwiano wa "hu". Kwa soko la Marekani kipimo hicho kilipita 40 mwishoni mwa 1999, juu kuliko kilivyokuwa kabla ya maanguko ya 1929, na Shiller akachapisha onyo lake mapema katika mwaka wa 2000, wakati uleule hisa za teknolojia zilipoanza kuporomoka. Alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, akiwa na wenzake wawili, katika mwaka wa 2013.

Hapa kwetu uwiano wa "hu" unazifaa hasa kampuni za kilimo. Kampuni za majani chai zilizo katika Soko la Hisa la Nairobi zinategemea mvua, jalidi, bei ya mnada wa Mombasa na thamani ya shilingi mbele ya dola. Mwaka mmoja faida inafurika, mwaka wa pili ni hasara, na uwiano wa "li" unarukaruka kama panzi. Kuna mtego mwingine wa namna hii: kampuni iliyouza kiwanja mwaka jana itaonyesha faida nene, na uwiano wake utashuka hadi 4 au 3. Kiwanja hakiuzwi mara mbili.

Uwiano wa "ta" nitaupitia upesi, si kwa kuwa hauna umuhimu, kwani bei yoyote ya hisa kwa hakika ni malipo ya kesho, bali kwa kuwa hauna mdhamini. Mei 2021 ushirika ulioongozwa na Safaricom ulipata leseni ya mawasiliano nchini Ethiopia kwa dola milioni 850. Nchi ya watu zaidi ya milioni 100! Kila mchambuzi alikuwa na "ta" yake. Bei ya hisa ikapaa hadi takriban shilingi 44 katika miezi iliyofuata. Kumbe huduma zingezinduliwa rasmi Oktoba 2022, katikati ya vita, na Julai 2024 Serikali ya Ethiopia ingeiachia birr ielee sokoni na kupoteza zaidi ya nusu ya thamani yake. Mambo hayo hayakuwemo katika makadirio, wala sidhani yangeweza kuwemo. Siwalaumu waliokadiria. Nawalaumu waliotuuzia makadirio kana kwamba ni taarifa ya jambo lililokwisha kutendeka.

Sasa tuitazame Safaricom kwa urefu wa miaka, kwa maana faida hasa ya uwiano huu huonekana unapoupanga mwaka kwa mwaka na kuitazama sehemu ya juu na ya chini kila moja peke yake. Machi 2012 hisa iliuzwa kwa kitu kama shilingi 3.20, na faida ya mwaka huo ilikuwa senti 32. Uwiano: 10. Katika Agosti na Septemba 2021 bei ilifika takriban 44, na faida ya mwaka wa fedha uliokuwa umepita ilikuwa shilingi 1.71. Uwiano: karibu 26. Bei ilikuwa imeongezeka mara 14 hivi. Wengi wetu tulisema, "Kampuni imekua mara kumi na nne." Haikukua hivyo. Faida iliongezeka mara 5 na kidogo, nao uwiano ukaongezeka mara 2 na nusu na zaidi, na hizo mbili zikizidishwa ndizo zinazotoa 14. Sehemu ya kwanza ni kazi ya kampuni: wateja, M-Pesa, data. Sehemu ya pili ni moyo wa wanunuzi, yaani utayari wao wa kulipia miaka 26 ya faida ileile ambayo zamani waliilipia miaka 10. Ukuaji wa kazi huweza kudumu. Moyo hupanda na kushuka.

Nao ulishuka. Kufikia mwisho wa 2023 hisa hiyo iliuzwa kwa karibu shilingi 14, chini ya theluthi moja ya bei ya miaka miwili kabla. Katika mabasi na magazetini ikasemwa kwamba Safaricom imekwisha. Faida kwa kila hisa katika mwaka wa fedha uliomalizika Machi 2023 ilikuwa takriban shilingi 1.55, pungufu kwa asilimia 10 hivi tu ikilinganishwa na ile ya 1.71. Kilichoanguka ni uwiano, kutoka 26 hadi 9.

Kwa nini uwiano uanguke namna hiyo ilhali faida imepungua kidogo tu? Jibu kubwa limo katika riba. Uupindue uwiano juu chini: badala ya bei kwa faida, soma faida kwa bei. Uwiano wa 26 ni sawa na kupata shilingi 3.85 za faida kwa kila shilingi 100 ulizotoa. Uwiano wa 9 ni sawa na shilingi 11. Katika mwaka wa 2021 hati za Serikali za siku 91 zililipa karibu asilimia 7, kwa hivyo mtu aliweza kuvumilia 3.85 akiamini kwamba kampuni itakua. Halafu Benki Kuu ya Marekani ikaanza kupandisha riba Machi 2022, kutoka karibu na sifuri hadi zaidi ya asilimia 5 katika muda usiozidi mwaka mmoja na nusu, na wawekezaji wa kigeni wakaondoa fedha zao Nairobi. Hapa nyumbani hati zile za siku 91 zikapita asilimia 15 kabla ya 2023 kuisha, na Februari 2024 Serikali ikauza dhamana ya miundomsingi isiyotozwa kodi kwa riba ya asilimia 18.46. Nani atakubali faida ya shilingi 11, tena isiyo na uhakika, ilhali Hazina inampa 18 bila jasho? Bei ikashuka ili kumbembeleza. Riba zilipoanza kupungua kutoka katikati ya 2024, mambo yakageuka. Kufikia katikati ya 2025 bei ilikuwa imevuka shilingi 25.

Tunaona basi kwamba hiyo nambari 9 ya 2023 na ile 10 ya 2012, ingawa zinakaribiana, hazikusema jambo moja. Ya 2012 ilikuwa ya kampuni ambayo faida yake ingeongezeka mara tatu katika miaka minne. Ya 2023 ilikuwa ya kampuni kubwa iliyosimama pale pale. Hebu tazama: faida kwa kila hisa ilikuwa shilingi 1.84 katika mwaka uliomalizika Machi 2020, na katika mwaka uliomalizika Machi 2025 ilikuwa takriban 1.74. Miaka 5 ya vishindo, na faida ya mwenye hisa haikusogea mbele. Atakayekuambia kuwa kupanda kwa bei katika 2025 kulitokana na faida kukua, mwombe akuonyeshe kigawanyi.

Niruhusiwe kidogo kusema juu ya jina, maana bila hilo nitakuwa nimeikimbia taaluma yangu. Baadhi ya waandishi wetu huuita uwiano huu "uwiano wa bei na mapato". Sikubaliani nao. Katika matumizi ya Kenya neno "mapato" limekwisha kushikwa na maana ya fedha zote zinazoingia kabla ya gharama. Tunaposema Serikali imekusanya mapato, hatumaanishi kilichobaki baada ya matumizi. Msomaji akiambiwa "bei na mapato" atagawa bei kwa mauzo, na hicho ni kipimo kingine kabisa ambacho nacho kipo na kina kazi yake. "Faida" ndilo neno, na hata hilo lahitaji kuongezewa "baada ya kodi" na "kwa kila hisa". Na tuseme "kwa", tusiseme "na", kwa kuwa kuna kugawanya. Istilahi mbovu huzaa hesabu mbovu, na katika jambo hili hesabu mbovu hulipiwa.

Hulipiwa na nani? Sitaki walimu wadhani kuwa ninawazungumzia matajiri wa Nairobi. Tangu Januari 2021 walimu na watumishi wengine wa Serikali waliokuwa chini ya umri wa miaka 45 waliingizwa katika mpango mpya wa pensheni wa kuchangia. Asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi wa mwalimu hukatwa, nayo Serikali huongeza 15. Zamani pensheni ilihesabiwa kwa mshahara na miaka ya kazi, na mwalimu hakuwa na haja ya kujua hisa ni mnyama gani. Sasa atakachopata uzeeni kinategemea fedha hizo zimewekezwa wapi na kwa bei gani, na sehemu yake huwekwa katika hisa. Kila mwezi, pasipo kuulizwa, mwalimu wa Lodwar ananunua uwiano wa bei kwa faida. Wanafunzi nao hawako mbali. Tangu Agosti 2025 soko linaruhusu mtu kununua hata hisa moja badala ya kuanzia 100, hivyo kijana wa chuo mwenye shilingi 30 kwenye simu yake ni mwekezaji kamili. Nafurahi kwa ajili yake, nami namhofia kwa kiasi kilekile.

Turudi kwenye shilingi 34. Ukiigawa kwa faida ya "li", yaani zile 1.74 za mwaka uliomalizika Machi 2025, uwiano ni kati ya 19 na 20. Lakini 1.74 yenyewe ni faida ya nani? Hesabu za kampuni zilionyesha faida mbili katika mwaka huo. Faida ya kundi zima, pamoja na Ethiopia, ilikuwa takriban bilioni 46. Faida iliyowahusu wenye hisa wa Safaricom ilikuwa takriban bilioni 70. Ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza kwa sababu washirika wengine katika kampuni ya Ethiopia hubeba sehemu yao ya hasara. Ukitumia bilioni 70 unapata uwiano wa 19.5. Ukitumia 46 unafika karibu na 30. Mnunuzi angependa wa pili utajwe, ili aonekane analipa ghali. Muuzaji mwenye akili angeutaja wa kwanza. Katika mabishano yetu sikusikia hata mmoja ukitajwa.

Kisha uwiano wa "hu". Nimejumlisha faida kwa kila hisa ya miaka 10, kuanzia senti 95 za mwaka uliomalizika Machi 2016 hadi 1.74 ya Machi 2025, na wastani ni shilingi moja na nusu hivi. Sikuondoa mfumko wa bei, kwa hiyo mwanahisabati anisamehe. Shilingi 34 kwa wastani huo ni uwiano wa takriban 22 na nusu. Si bei ya kutupa. Lakini pia si bei ya 2021, ambapo wanunuzi walikubali 26 kwa faida ya mwaka mmoja tu. Kwa uwiano ule wa 2021, faida ya 2025 ingestahili shilingi 45.

Msimamo wangu ni huu. Hoja iliyotegemewa sana na watetezi wa uuzaji, kwamba 34 imezidi bei ya soko, ni hoja dhaifu, kwa maana bei ya soko yenyewe ilikuwa bado inajikwamua kutoka kwenye shimo la 2023 ambalo lilichimbwa na riba. Anayeuza shamba mwaka wa pili baada ya ukame hapaswi kujisifu kwamba amepata zaidi ya jirani aliyeuza wakati wa ukame. Nayo hoja ya wapinzani, kwamba tunatoa hazina isiyokadirika, inasahau kuwa faida ya mwenye hisa ilikuwa imesimama kati ya 2020 na Machi 2025. Pande zote mbili zingalazimika kuweka mezani jedwali la miaka 10, lenye safu ya bei, safu ya faida na safu ya uwiano, na kusema wazi zimechagua mwaka upi na kwa nini. Jedwali hilo halijazi hata ukurasa mmoja. Mali iliyozungumziwa ilikuwa na thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 200, na mwaka wa 2008 tuliuza robo nzima kwa bilioni 50.

Ninalo ombi kwa wahariri wa kurasa za biashara, wa gazeti hili na ya wenzao. Chini ya safu ile ya P na E, chapisheni mwezi na mwaka wa faida iliyotumiwa, na pembeni muweke uwiano wa wastani wa miaka 10 kwa kampuni zilizodumu kiasi hicho. Wino utakaotumika ni kidogo. Kwa walimu wa Biashara, ripoti za mwaka za kampuni zote zilizo sokoni hupatikana bila malipo, na kijana wa kidato cha tatu anaweza kulijaza jedwali hilo katika vipindi viwili. Mimi nimejaribu na wanafunzi wangu wa mofolojia, ambao hawakuja chuoni kwa ajili ya hesabu. Mmoja wao alimaliza jedwali la Safaricom, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza nilifanyaje na zile hisa zangu 840. Nilimwambia kwamba niliziuza Machi 2009, kwa chini ya shilingi 3, uwiano ukiwa 8 na ushei.